Kabichi za Jumamosi

Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, kabla hajanywa hata maji, Steliana alivua ndara, akavua na saa ya mkononi, akapanda mizani iliyokaa kati ya beseni la kufulia na mlango wa choo. Mizani ikaonyesha kilo tisini na saba na gramu mia nne. Akaiandika namba hiyo kwenye kalenda ya jikoni, chini ya namba hiyohiyo ya wiki iliyopita, ambayo nayo ilikuwa chini ya namba hiyohiyo ya wiki iliyotangulia. Zilikuwa wiki saba sasa.

Kisha akapima gramu sitini za kuku wa kuchemsha, akategesha saa ya jikoni dakika ishirini na tano, akala kwa kijiko cha mtoto. Ndivyo alivyofundishwa mwezi wa Mei, madaktari walipomkata tumbo na kumwachia kipande kisichozidi ndizi moja. Tafuna mara thelathini, usinywe maji na chakula, ukiona pua inaanza kutoka maji ujue umeshiba, weka kijiko chini. Alifuata yote. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili aliyeendesha tramu, gari la abiria la relini, katika mji wa Craiova kwa miaka ishirini na mitatu bila kugonga hata njiwa, na maagizo aliyaheshimu kama alivyoheshimu taa za barabarani.

Kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti alipungua kilo ishirini na nne. Halafu mizani ikagoma. Jambo hilo lilikuwa na tarehe yake ya mwisho. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, na daktari wa mifupa alikubali kumwekea goti la chuma wiki ya pili ya Desemba, kwa sharti kwamba aingie wodini akiwa na kilo tisini au pungufu. Ikizidi, nafasi inakwenda kwa mwingine, na foleni inaanza upya, miaka miwili. Steliana aliishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Kila jioni alipanda ngazi sabini na mbili akishika ukuta, na akishafika juu hakushuka tena kwa sababu yoyote, hata mkate ukiisha. Mumewe alikwenda Italia kuvuna zabibu mwaka ule barabara yao ilipotiwa lami upya, na huko zabibu bado zinavunwa.

"Vipi, dada Stela, kilo zimegoma?" aliuliza Nelu, msimamizi wa zamu, alipomkabidhi ufunguo wa tramu.

"Zimegoma."

"Walikukata tumbo, wakasahau kukukata hamu."

"Hamu walinikata pia. Sina."

"Basi ni hewa hiyo. Hewa ya mji huu ina mafuta."

Ilikuwa Jumamosi. Saa sita na nusu mchana, tramu ikiwa imesimama mbele ya soko na abiria wakipanda, Steliana alihisi ladha ya kabichi chachu mdomoni. Ikafuata nyama ya nguruwe iliyofungwa ndani ya kabichi pamoja na mchele, kisha mbavu za kukausha kwa moshi, kisha mkate, kisha mvinyo mwekundu, glasi moja. Mkono wake haukutoka kwenye mpini wa tramu. Alicheua, akafunga milango, akaendelea na safari. Jumapili asubuhi mizani ilipanda gramu mia saba. Kufikia Ijumaa gramu hizo zilikuwa zimetoka, na Jumamosi zikarudi. Ndivyo wiki zilivyokwenda.

Jumatatu alikwenda kwa mshauri wa lishe wa ile hospitali iliyomkata tumbo. Alikuwa dada mwembamba wa miaka thelathini, jina lake Raluca.

"Unakula kiasi gani, mama?"

"Vijiko vinne asubuhi, vinne mchana, vinne jioni. Na mtindi katikati."

"Mama, usinifiche. Wengi hunificha chokoleti."

"Sikufichi. Ila Jumamosi, saa sita na nusu, huwa nashiba kabichi."

"Unazila?"

"Sizili. Nashiba tu. Ninakuwa kazini."

Raluca alifungua droo, akatoa fomu nyingine, ya kijani. "Za nyama, au za mchele mtupu?"

"Za nyama. Na mbavu za moshi."

"Mkate?"

"Wa kusokotwa. Na mvinyo."

"Mvinyo nao," alisema Raluca, akaandika. Akaweka kalamu chini. "Wengi uzito wao husimama kwa sababu mwili umeshtuka, unashikilia ulichonacho. Hao nawaambia wangoje wiki tatu, watembee, wanywe maji. Wewe si hivyo. Wewe kuna mtu anakutolea sadaka ya marehemu."

Huko kwao Jumamosi ni siku ya wafu. Mtu hupika, hupakua, humpa jirani sahani pamoja na kijiko na kikombe, hutaja jina la marehemu, na jirani hula. Anayekula ni jirani. Anayeshiba ni marehemu.

"Mimi sijafa," alisema Steliana.

"Najua, mama, presha yako nimeipima mwenyewe sasa hivi. Lakini sadaka haiangalii presha. Inafuata jina."

"Na tumbo lililokatwa?"

"Chakula hicho hakipiti tumboni. Ninaye mwingine kama wewe, wa kule Calafat, yeye wanaomtolea ni wakwe zake. Nenda ukazungumze nao nyumbani. Mimi dawa yake sina."

Steliana hakuhitaji kuuliza ni nani. Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa, akapanda basi, akashuka njiapanda ya kijiji chao baada ya saa moja na nusu, akatembea kwa mkongojo hadi kwenye lango la mama yake.

Meza ndefu ilikuwa imewekwa uani, chini ya mizabibu. Juu yake kulikuwa na sahani tisa, vijiko tisa, vikombe tisa, na kando ya kila sahani mkate wa kusokotwa wenye mshumaa uliochomekwa katikati. Filofteia, mama yake, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa akipita na bakuli la uvumba. Alifika kwenye kila sahani na kusema, bila haraka, "Hiki ni cha Steliana. Kimfikie." Na majirani waliosimama wakajibu mmoja mmoja, "Mungu amrehemu."

Tinca, jirani wa ng'ambo ya kijito, ndiye aliyemwona kwanza.

"Ee, Stela, umekuja! Haya tuambie, za wiki iliyopita zilifika?"

"Zilifika. Chumvi ilizidi."

"Nilisema mimi!" Tinca akamgeukia Filofteia. "Nilikuambia chumvi imezidi, ukaninunia."

"Nilijua," alisema Filofteia. "Pipa la kabichi la mwaka huu halikunikalia vizuri." Alisema hivyo akiangalia juu kidogo ya bega la bintiye, kama watu wanavyofanya wanapozungumza na picha ya ukutani.

Watu wakaketi, wakala. Steliana alikaa mwishoni mwa benchi. Mbele yake hapakuwa na sahani, kwa sababu sahani zilikuwa tisa na walaji tisa, na chakula chake walikuwa wanakula wao. Alishiba akiwatazama. Tinca alipofika kwenye mbavu, pua ya Steliana ikaanza kutoka maji. Akajifuta, akangoja wamalize.

Walipoondoka, kila mmoja na sahani yake na kijiko chake, alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, kwa nini?"

"Kwa nini nini? Sikukuu ya Bikira Maria ulikuja hapa, nimepika siku mbili. Ukala vijiko vitatu ukaweka kijiko chini. Mjomba wako akauliza huyu kaja kula au kaja kuzika. Nikakutumia mitungi ya chakula kwa basi, ukanipigia simu: mama usinitumie tena, hata kikifika hakinifikii."

"Nilisema hivyo."

"Basi. Kwa basi hakikufikii. Nikatafuta njia ambayo kinakufikia."

Kwenye dirisha, nyuma ya sanamu ya mtakatifu, kulikuwa na karatasi ambayo Filofteia humpelekea kasisi kila Jumamosi asubuhi ili ayasome majina. Ina safu mbili. Ya kushoto ni ya walio hai, ya kulia ni ya wafu. Steliana aliivuta na kuisoma. Kushoto, kati ya jina la mjomba na jina la Tinca, palikuwa na mstari wa kalamu uliokata jina lake mara moja tu, kwa mkono uliotulia. Kulia, chini ya babu, bibi, baba, na kaka aliyekufa mchanga, jina lake liliandikwa upya kwa herufi nzuri kuliko majina yote.

"Ukitoa kwa jina la aliye hai hakiendi popote," alisema Filofteia. "Jirani anakula, anashiba yeye, basi. Nilijaribu Jumamosi mbili, nikaona ni hasara. Nikakuhamisha."

"Nirudishe upande wa kushoto."

"Utakula nini huko?"

"Vijiko vinne."

"Hicho si chakula, mwanangu. Hiyo ni dozi."

"Mama, Desemba nisipofika kilo tisini hawaniwekei goti. Nitabaki ghorofa ya nne. Siwezi hata kushuka kununua mkate."

"Mkate nakupelekea mimi. Tena wa kusokotwa."

"Ndio unaoninenepesha."

Filofteia aliosha sufuria. Aliisugua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mbona hata simu hunipigii?" aliuliza Steliana. "Zamani ulikuwa unapiga kila jioni."

"Nani anawapigia simu wafu? Tinca angesema nimerukwa na akili."

Steliana alikwenda hadi kwa kasisi, pembeni ya kanisa, akamweleza. Kasisi alimsikiliza akiwa juu ya ngazi, akitengeneza mfereji wa maji ya mvua. Alisema karatasi ni ya mama yake na yeye husoma kilichoandikwa. Akianza kurekebisha karatasi za watu hatamaliza. Akamuuliza goti linaendeleaje.

Aliporudi kwa mama yake walipatana kama watu wanavyopatana mpaka wa shamba. Jina lisingeondolewa. Juu ya hilo Filofteia hakusogea hata unywele. Lakini chakula kingeweza kupunguzwa. Alichukua penseli, naye Steliana akamtajia: mvinyo hapana, mbavu hapana, mkate hapana. Kuku wa kuchemsha bila ngozi, gramu sitini. Karoti mbili. Chumvi kidogo sana. Mlaji mmoja, si tisa.

"Gramu sitini?" alisema Tinca, aliyekuwa amerudi kufuata leso yake. "Nivuke kijito na miguu hii kwa gramu sitini? Bibi wee, hata paka anapewa zaidi."

"Utavuka," alisema Filofteia. "Kwa ajili ya marehemu."

"Marehemu mwenyewe huyo hapo kakaa!"

"Ndiyo. Mwangalie alivyokonda."

Basi la jioni lilipofika njiapanda, Filofteia hakutoka kumsindikiza. Sadaka ya siku hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa, na marehemu hasindikizwi kwenye basi.

Jumamosi iliyofuata, mbele ya soko, Steliana alipata kuku wa kuchemsha, mkavu kidogo, na karoti. Vilikaa vizuri. Jumatatu mizani ikaonyesha tisini na sita nukta tisa. Katikati ya Novemba mfungo wa kungoja Krismasi, usioruhusu nyama, ulianza na kuku naye akatoka, yakaingia maharage pamoja na karoti. Tinca alilalamika kijiji kizima, lakini alivuka kijito kila Jumamosi na hakukosa hata moja. Raluca aliandika kwenye fomu ya kijani, "Mgonjwa ameelewana na familia," akaipiga muhuri. Tarehe tisa Desemba Steliana alipimwa kwenye mizani ya wodi, amevaa gauni la hospitali, na ilikuwa kilo themanini na tisa na gramu mia sita. Daktari wa mifupa alitazama namba, akatazama goti, akasema kesho.

Goti liliwekwa. Siku ya nne lilikunjika vizuri kuliko walivyotarajia. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na saa sita mlango wa wodi ulifunguliwa kwa watu wa kuona wagonjwa. Waliingia na mitungi, na sufuria zilizofungwa taulo, na machungwa. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na msichana aliyevunjika nyonga, na mama yake aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua kofia, akaanza.

"Hujala. Usinidanganye, nimemuuliza nesi, hujala."

"Nimekula, mama."

"Umekula nini? Sema! Supu ile? Supu ile naweza kuogea! Fungua mdomo."

"Mama, watu wanaangalia."

"Waangalie. Fungua mdomo, mkaidi wewe, umefanana na baba yako."

Nesi alipita na toroli la chakula cha mchana, akamwekea Steliana sinia.

"Peleka, binti," alisema Steliana. "Nimeshapata."

"Nani kakuletea? Sijaona mgeni kwako tangu juzi."

"Mama yangu. Ananilisha kutoka kijijini."

"Ah," alisema nesi. "Nini leo?"

"Maharage. Na karoti."

Nesi aliandika kwenye chati iliyoning'inia miguuni mwa kitanda kwamba mgonjwa amekula, akauliza kama mama mwenyewe atakuja, ili amtafutie kiti. Steliana alisema hapana, haji. Nesi akasukuma toroli lake.

Simu ilikuwa juu ya kabati, imejaa chaji. Steliana alijigeuza polepole, goti jipya likiwa limenyooka, hadi uso wake ukaelekea kitanda cha pili. Akafumba macho kama mtu anayesinzia, akalala hivyo akisikiliza mama wa mwenzake akigomba, mpaka kengele ikalia na watu wakaambiwa watoke.