Daftari la Maneno ya Terry

Rispa alikuwa amekaa kwangu Ndhiwa siku kumi na mbili bila kusema zaidi ya ndiyo na hapana. Ni mtoto wa marehemu binti yangu, aliyeolewa kwa Wakuria, na Kijaluo hakijui. Baba yake, Nyamhanga, alikuwa ameniambia wazi: "Mama, Jumapili nitapita. Kama bado amenyamaza hivi, nitampeleka kwa dada yangu." Sikumlaumu, ila nilitaka sana mtoto abaki.

Mjukuu wangu mwingine, Terry, ana miaka kumi na tatu na daftari la lugha aliyoitunga mwenyewe. Ijumaa alinieleza lugha hiyo tukichagua mtama, Rispa akiwa kando yetu.

"Dani," aliniita, yaani bibi kwa Kijaluo, "pila ni kupika. Ukiongeza zo mwishoni unapata mtu: pilazo, mpishi. Ukiongeza mi unapata mahali: pilami, jikoni. Soru ni kusoma, kwa hivyo soruzo ni mwanafunzi na sorumi ni shule."

"Na sufuria?"

"Gadu. Kitabu ni fenti."

Rispa aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Si utachoka kutafutia kila kitu jina? Weka mwisho mmoja wa vitu vya kufanyia kazi."

"Nani amekuuliza, wewe bubu?"

Rispa akarudi kutoa mawe kwenye mtama. Terry alitazama ukurasa. Akafuta gadu, akafuta fenti, kisha akamsukumia daftari na kalamu.

"Haya, chagua wewe. Na usituletee mbaya."

Hakuwa amewahi kumpa mtu yeyote kalamu ile. Rispa aliandika ke. Sufuria ikawa pilake, kitabu soruke.

Jumamosi walizunguka boma wakibatiza jembe, ufagio na ndoo. Walibishana mpaka uji ukapoa.

Nyamhanga alipofika Jumapili alisimama nje ya ua, kama mkwe anavyopaswa. "Rispa, lete begi lako."

"Baba, bado. Tuna maneno arobaini tu, na Terry anakosea."

"Nakosea wapi? Mwongo!" Terry alipaza sauti kutoka ndani, kisha akaongeza kitu kwa lugha yao. Rispa akamjibu kwa lugha hiyohiyo, akicheka, akakimbilia ndani.

"Mama, wanasema nini?" Nyamhanga akaniuliza.

"Hata mimi sijui."

Nilimpelekea kiti na chai. Alikunywa polepole, akisikiliza kelele za nyumbani. Alipomaliza, alinirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Nguo zake zingine," akasema, "nitazileta wiki ijayo."