Benchi la Waliochelewa

Mtoa mada akichelewa hasomi. Hukaa benchi la nyuma akawasikiliza wenzake. Kila mwanachama wa Jumuiya ya Wanafizikia aliijua kanuni hiyo, na Mwalimu Mudathiri, katibu wa tawi la Kibiti, hakupata kuona mtu akisamehewa.

Ndiyo maana alikuwa amemwonya mwenyekiti mapema kwa simu. "Siku hiyo ni bamvua, mwezi mpevu, Dakta Badru. Asubuhi maji yamekupwa, boti haitoki Delta. Mpange Muzdalifa alasiri."

"Ratiba imekwisha kupigwa chapa, Mwalimu. Jumuiya haiongozwi na mwezi!" Badru akacheka.

Mudathiri hakucheka. Bahari nzima huongozwa na mwezi, na mwanafizikia anaufanyia mzaha!

Muzdalifa, mwanafunzi wake wa zamani, sasa alikuwa mwalimu kisiwani huko Delta. Alikuwa amepima jinsi maji ya chumvi yanavyopanda mto na kuua mpunga. Asipoisoma kazi hiyo mkutanoni, hapewi uanachama. Na mkutano mkuu haurudi Kibiti leo wala kesho.

Siku ilipowadia jina lake likaitwa, naye hayupo. Aliingia baadaye, tope hadi magotini, karatasi kazikumbatia ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, Mwalimu. Boti ilikwama, tumeisukuma topeni."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akautazama ule mfuko. "Kanuni unaijua."

"Naijua." Akaenda nyuma.

Hajaketi vizuri, akaingia Dakta Badru, ambaye wakubwa wenzake walikuwa wameiahirisha hotuba yake ya ufunguzi ili wamngoje.

"Niwieni radhi, jamaa! Nimelala Ikwiriri, nikashuka kwanza Ndundu kupiga picha darajani. Lile daraja ni fizikia tupu!"

Watu wakacheka. Alipoelekea jukwaani, Mudathiri akasimama njiani.

"Mwenyekiti, benchi ni lile."

"Aa, Mwalimu! Hata mimi?"

"Aliyekwamishwa na maji ameketi. Aliyekwamishwa na picha atasomaje?"

"Mzee kanena!" sauti ikadakia. Badru akatazama huku na huku; hakuna aliyemtetea. Akaenda nyuma, Muzdalifa akasogea kumpa nafasi.

Mudathiri akamwita msomaji mwingine. Haki imetendeka, na binti hakusoma! Alipotupa jicho nyuma, Badru alikuwa amenyoosha mkono akiomba zile karatasi. Muzdalifa alizishikilia kidogo, kisha akaufungua mfuko.

Wakakaa hivyo, Badru akizisoma moja moja, hadi alasiri, saa ile aliyoiomba Mwalimu, maji yakiwa yamekwisha kujaa Delta.