Mstari wa Kumi na Moja

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, Mgeni alikuwa ameshasimama mbele ya meza ya daftari la mahudhurio, akisubiri mwalimu wa zamu ageuze ukurasa. Koo lilimkereketa. Wiki ya tatu sasa sauti yake ilikuwa imekwama kati ya kunong'ona na kukohoa, na siku hiyo alikuwa na vipindi saba, darasa la sita na la saba, watoto tisini na kitu kila chumba. Ukurasa ulipogeuzwa aliteremsha kidole hadi mstari wa kumi na moja, akatia saini. Haikuwa yake. Saini ya mstari wa kumi na moja ilikuwa na kitanzi kirefu mwanzoni na mkia unaorudi nyuma, na baada ya miezi minane aliweza kuiandika huku akitazama dirishani.

"Shemeji kawahi leo," mwalimu wa zamu alisema, na wawili watatu waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Utani huo ulishachakaa, lakini hakuna aliyekuwa na mwingine.

Shemeji ndiye mwenye mstari. Alikuwa mke wa mdogo wake mwalimu mkuu, mwalimu wa hisabati kwa cheti na kwa orodha ya serikali, ila alikuwa na duka la mapazia mjini na hakuna mtoto pale shuleni aliyewahi kumtia machoni. Kwingine watu wa aina hiyo huitwa watumishi hewa. Pale waliitwa kwa heshima zaidi.

Mgeni naye alikuwa na jina, lakini halikutumika. Alikuwa amevuka mpaka miaka mitatu nyuma kuja kusomea ualimu, kwa nafasi moja iliyotolewa kwa wilaya nzima ya kwao, na mwaka huu wa mwisho ulikuwa wa mazoezi ya kufundisha. Chuo kilitaka vipindi mia na ishirini, vithibitishwe na shule. Siku mbili za kwanza alipewa kiti, akakaa nyuma ya darasa akitazama ubao mtupu, maana mwalimu wa kutazamwa hakuwepo. Siku ya tatu mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamkabidhi boksi la chaki.

"Wahenga walisemaje, binti yangu? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

Alicheka mpaka akafuta macho. Hakuwa mtu wa kufoka, mwalimu mkuu; hata mtu akikosea alimwita mwanangu. Akamfungulia daftari. Jina la Mgeni halikuwemo, kwa sababu wanachuo hawaandikwi pamoja na watumishi. "Lakini nafasi haiwezi kukaa wazi, wakubwa wakija watauliza. Msainie mwenzako hapo, kesho naye atakufaa." Mgeni alilelewa kwamba mkubwa akikuomba mkono humuulizi wa kazi gani. Alisaini. Tena siku ile alijiona amepokelewa vizuri, na jioni alimpigia mama yake simu kumweleza jinsi watu wa huku walivyo wakarimu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mwalimu wa sayansi alimnong'oneza siku chache baadaye, akimpa na vipindi vyake viwili. Naye alipona kweli, mwalimu wa sayansi. Alianza kwenda nyumbani saa tano.

Mgeni alipewa kulala stoo ya madawati mabovu, nyuma ya choo cha walimu. Madawati yalipangwa hadi dari, na kitanda chake kiliingia kwa ubavu kwenye nafasi iliyobaki. Miezi ya mwanzo alikuwa akilia humo, akiuma kanga ili asisikike. Siku hizi halii. Si kwamba amezoea; ni kwamba kitu kilichokuwa kikiuma hakisikiki tena. Hata njaa alikuwa akiijua kwa kutazama saa.

Kufundisha ndiko kulikobaki. Darasa la sita walipomfikia walikuwa hawajui nusu na robo ipi kubwa. Aliwakatia maboksi, akawakunjia magazeti, akawatungia maneno ya kuimba kwa ajili ya kugawanya sehemu: ya mbele usiiguse, ya nyuma ipindue, kugawa kuwe kuzidisha. Waliimba hadi uwanjani. Kulikuwa na msichana mmoja wa dawati la mbele, wenzake walimwita Bi Maswali, aliyekuwa amerudia darasa mara mbili na kuitwa mzito na kila aliyemfundisha. Jumatatu ile msichana huyo alipata kumi kwa kumi. Alileta daftari lake mezani mara tatu ili Mgeni aione tena ile alama.

Wiki moja kabla, Mgeni alikuwa ameenda chuoni kupeleka kitabu chake cha maandalio ya masomo, kurasa mia tatu na zaidi, kila kipindi na tarehe yake. Karani alikipekua kwa adabu, akakirudisha.

"Mwandiko mzuri. Lakini sisi hatuhesabu maandalio, dada. Tunahesabu daftari la shule." Alikuwa na nakala zake mezani. "Hapa vipindi vyote vya hisabati amefundisha mtu mwingine. Wewe una sifuri."

"Hizo saini ni zangu."

Karani aliinua kichwa, akatazama mlangoni. "Usirudie kusema hivyo. Hiyo inaitwa kughushi, na wewe si raia wa hapa." Kisha, kwa sauti ya chini, akamtolea fomu moja ya rangi ya njano. Mwalimu mkuu akiijaza kwamba ni Mgeni aliyefundisha, akagonga muhuri, yataisha. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo majina yanafungwa, na asiye na jina hana masomo, na asiye na masomo hana kibali cha kukaa nchini.

Alipotoka, mlinzi wa getini alimsimamisha. "Mbona saini yako haifanani na ya asubuhi?" Mgeni alitazama kitabu cha wageni. Kitanzi kirefu, mkia unaorudi nyuma. Aliomba radhi, akajaribu kuandika ya kwake, na ikamchukua muda kuikumbuka inaanzia wapi.

Siku hiyo hiyo mama yake alipiga simu. "Mwalimu wangu hajambo?" Ndivyo alivyomwita tangu avuke mpaka, na majirani wote walishaambukizwa. "Wadogo zako wanauliza unarudi na cheti lini."

"Karibu, mama."

"Karibu hiyo tumeisikia tangu mvua za mwanzo."

"Ijumaa ya wiki ijayo wanagonga muhuri," alisema. Mama yake akapiga kigelegele kwenye simu, na Mgeni akaiweka mbali kidogo na sikio.

Jumatatu hiyo, vipindi vilipokwisha, aliipeleka fomu kwa mwalimu mkuu. Naye mkuu aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini.

"Binti yangu, hii nikiigonga muhuri nimeandika kwa mkono wangu kwamba Shemeji hakufundisha. Unaliona hilo?"

"Naliona, mzee. Lakini mimi nimefundisha."

"Nani amekataa? Umefundisha kuliko sisi wote!" Alisema kwa dhati kabisa. "Ila ukila na kipofu usimguse mkono. Na sisi hapa kipofu wetu ni serikali."

Mgeni aliitazama ile fomu. Alisimama, maana hakuambiwa akae.

"Sasa sikiliza. Alhamisi mkaguzi anakuja. Matokeo ya hisabati yamepanda, tulikuwa wa mwisho wilayani, sasa tuko wa tano. Ameshtuka, anataka kumwona mwalimu mwenyewe akifundisha."

"Atamwona nani?"

"Atamwona mwalimu," mwalimu mkuu alisema, akimshangaa. "Kesho kutwa Shemeji anakuja, umwelekeze somo moja tu. Dakika arobaini. Alhamisi ikipita salama, Ijumaa asubuhi nitaijaza hii kwa namna isiyomuumiza mtu. Zipo namna, mimi nimekaa ofisini miaka mingi." Akaikunja fomu mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Na wewe utakaa nyuma, kama mwanafunzi. Si ndivyo ulivyo?"

Jumatano mchana Shemeji alikuja. Mgeni alikuwa amejiandaa kumchukia na hakuweza, mwili haukuwa na nguvu ya kazi hiyo. Shemeji alikuwa mama mnene kidogo, mchangamfu, mwenye kidole kilichotobokatoboka kwa sindano, na alimletea kipande cha pazia la maua.

"Pole, mwenzangu. Nasikia unanisaidia," alisema, kana kwamba Mgeni alikuwa amemshikia mtoto. "Mimi hesabu zilinishinda tangu zamani. Cheti chenyewe shemeji yangu mwalimu mkuu ndiye aliyenihangaikia. Sikuomba."

Mgeni alimwandikia swali moja ubaoni, robo tatu gawanya kwa nusu, akamwonyesha hatua. Akamfundisha na ule wimbo. Shemeji aliuimba kwa furaha, akaukosea, akacheka, akauimba tena. "Ya nyuma usiiguse... hapana, ya mbele! Wee, nitaiweka hivi hivi kichwani." Saa kumi aliangalia simu yake, mteja alikuwa akimsubiri dukani. Walikuwa wamefanya swali hilo mara nne. Alikuwa amelipata mara mbili.

Alhamisi asubuhi mwalimu mkuu mwenyewe aliingia darasa la sita kabla ya kengele. Aliwaambia watoto kwamba mwalimu wao wa hisabati alikuwa mgonjwa muda mrefu, sasa amepona, na kwamba yule aliyekuwa akimshikia ni dada tu, anajifunza, basi leo waseme dada. Watoto walisema ndiyo mwalimu. Bi Maswali aliinua mkono na hakuchaguliwa.

Mkaguzi alikuwa mtu mkimya mwenye jalada la plastiki. Alikaa kando ya dirisha akajaza tarehe, jina la shule, idadi ya watoto. Mgeni alikaa nyuma kabisa, magoti yakigonga dawati. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni. Shemeji alikuwa amevaa vizuri, na alisalimia darasa kwa sauti safi ambayo Mgeni hakuwa nayo tena. Dakika kumi za kwanza zilikwenda salama. Aliuliza nusu ni nini, wakajibu. Aliuliza robo ni nini, wakajibu kwa pamoja, na mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaandika ubaoni robo tatu gawanya kwa nusu.

"Haya, sote tufanye kwenye madaftari, na mimi nafanya hapa," alisema. Akasita, midomo ikichezacheza. Wimbo ulikuwa ukipita kichwani mwake, Mgeni aliuona ukipita, na aliona unapita vibaya. Shemeji aliigeuza robo tatu juu chini, nusu akaiacha kama ilivyo, akazidisha. Jibu likatoka theluthi mbili. Akalipigia mstari kwa chaki ya rangi.

Watoto wote walikuwa wameshaandika moja na nusu. Vichwa vichache viligeuka nyuma, kisha vingi.

Bi Maswali alisimama bila kuinua mkono. "Samahani mwalimu. Si tunapindua ya nyuma?"

Shemeji alicheka kidogo, akamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alimtazama mkaguzi. Mkaguzi, aliyekuwa akiandika, aliinua uso, akasoma ubao polepole kama mtu aliyeachana na hesabu za sehemu siku nyingi.

"Naona pana mjadala," alisema. "Vizuri. Yule pale nyuma si mwanachuo? Simama, binti. Uko mwaka wa mwisho, haya yako kichwani bado. Jibu la mwalimu ni sahihi?"

Mgeni alisimama. Mwalimu mkuu alikuwa amepeleka mkono kwenye mfuko wa shati, si kwa kutishia, aliugusa tu, na ncha ya fomu ya njano ilionekana juu ya kitambaa. Mgeni aliutazama ubao. Nusu inaingia katika robo tatu mara moja, na nusu yake inabaki. Alikuwa amewaonyesha kwa boksi la sabuni, wakalikata wenyewe. Alingoja hasira ije. Alingoja hata aibu. Hakikuja kitu, na mkaguzi alikuwa akisubiri na kalamu yake.

"Ni sahihi," alisema. Sauti ilitoka safi, bila kukwaruza, na ilifika hadi mbele.

"Umesikia, mwanangu?" mkaguzi alimwambia Bi Maswali. "Mwalimu yuko sahihi. Kaa, usahihishe."

Bi Maswali hakukaa upesi. Alikuwa amegeuka, anamtazama Mgeni, na hakumtazama kwa lawama. Alikuwa anasubiri aelezwe. Mgeni alitazama dawati lake. Pembeni yake na mbele yake vifutio vilianza kusuguliwa, tisini na kitu, na asiyekuwa nacho aliazima. Msichana alikaa. Hakuwa na kifutio. Alilowesha kidole kwa mate, akasugua moja na nusu yake iliyoandikwa kwa wino, akasugua mpaka karatasi ikatoboka, kisha akainua macho kwenye ubao na kuandika theluthi mbili kando ya tundu.