Foni Iliponyamaza Mchana

Simu zilikuwa zimekatika Manguredjipa tangu Jumapili, ndiyo maana Nadège alikwenda parokiani, Butembo, kuongea kwa foni, ile redio ya mawimbi mafupi. Gérard, mwalimu wa fizikia aliyeitunza, alimpata hewani Kahongya, mdogo wake Nadège aliyeishi Manguredjipa, kisha akampa Nadège kipaza sauti.

"Yaya, batoto bangu beko muzuri," Kahongya alimwambia dada yake mkubwa. "Lakini kuko batu banashuka ku mulima, bengi sana, bana..."

Sauti ikakatika. Ukabaki mvumo tu.

"Kahongya! Jibu!"

Butembo nzima ilijua maana ya watu wengi kushuka mlimani: waasi. Gérard aliita kituo cha Beni. Kimya. Akaita Masereka. Kimya.

"Bamebaua bote?" Nadège aliuliza.

"Hapana. Baasi habawezi kufunga redio zote mara moja. Ni jua."

"Mwalimu, minakuomba, usinichezee."

"Sikiya. Mu jua kuko nguvu ya sumaku, iko sawa kamba zenye kujisokota. Zikikazana sana, zinakatika na kujiunga upya. Basi, ile nguvu inashuka mbio ku hewa ya chini ya jua lenyewe, inaichoma mpaka inawaka. Miale yake inafika huku nyuma ya dakika nane, inavuruga hewa yetu ya juu yenye inarudishaka sauti ya foni. Itapita."

Nadège alielewa jambo moja tu: jua limemfunga mdogo wake mdomo. Nje lilikuwa linawaka vilevile, watu wanaanika mihogo. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasali Salamu Maria, akaita, akasali tena.

Hatimaye mvumo ulipungua.

"...Butembo, unanisikia?"

"Kahongya! Ni banani banashuka?"

"Bakimbizi. Banasema baasi beko nyuma yabo. Yaya, nifanye nini?"

Kuhusu jua Gérard hakukosea. Lakini waasi nao walikuwa njiani kweli.

"Kamata batoto, toka sasa! Usifunge hata mulango!"

"Minaenda."

Gérard aliendelea kuita hadi jioni. Beni walijibu, Masereka wakajibu, sauti safi kabisa. Manguredjipa hapana.

Alhamisi Kahongya aliingia Butembo kwa miguu, mtoto mmoja mgongoni, wawili wamemshika kitenge. Nadège alimkalisha uani, akamwosha nyayo zilizovimba. Habari za nyumba iliyoachwa wazi Manguredjipa hakuthubutu kuuliza.