Kikopo cha Sita

Vikopo vitano. Mwalimu Jumwa alihesabu tena, akainama kuangalia chini ya meza, akahesabu mara ya tatu. Vitano! Asubuhi darasa lilitengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi na soda kali, ile inayozibua mifereji na kula nyama ya mtu, naye aliigawa soda hiyo kwenye vikopo sita vya plastiki walivyoleta watoto kutoka kwao. Hewa ya pwani pale Munje ina unyevu. Kufika adhuhuri soda iliyobaki ilikuwa imelowa ikawa uji mweupe.

"Kimoja kachukua Mwanarusi," alisema Garama, kiranja wa darasa. "Bibi yake alikitaka kikopo chake cha chokaa."

Chokaa ya tambuu, ya kupaka jani la kutafuna! Ebo, mwalimu mzima asiulize vikopo vimetoka wapi? Alitoka mbio, viatu mkononi. Kila hatua aliuona ulimi wa yule bibi ukibabuka. Ewe Mola, asiwe ameshatia kinywani.

Alimkuta Bi Hasina, bibi yake Mwanarusi, barazani, jani limeshakunjwa, limefika mdomoni. Jumwa alitaka kupiga ukelele. Sauti ikamgomea.

Bibi akamwona, akalishusha jani. "Ah, mwalimu! Karibu, mwanangu. Nitafune na mgeni amesimama? Aibu iliyoje!" Akamnyoshea. "Hili lako."

Jumwa alilipokea kwa mikono miwili, akalifumbata. Uji uliteleza viganjani kama sabuni, naye alijua kwa nini: mafuta ya ngozi yake ndiyo yaliyokuwa yakigeuka sabuni, kama alivyofundisha asubuhi. Kisha ukaanza kuchoma. Na bibi ameshika kijiti, anachota tena, ajikunjie lake!

"Usiguse!" Sauti ilirudi. Akakipiga kikopo teke, kikaruka hadi uani. Teke mbele ya mkubwa, bila hata shikamoo! "Si chokaa, bibi. Ni soda ya sabuni. Ingekutoboa koo. Kosa ni langu."

Bi Hasina alikitazama kijiti, akakitupa. Akamvuta Jumwa hadi kwenye mtungi, akammiminia maji mikononi, kata baada ya kata. Mwalimu alilia kwa uchungu na kwa haya.

"Na watoto wetu," bibi aliuliza hatimaye, "asubuhi nzima walikuwa wakikishika hicho?"

Jumwa alijaribu kukumbuka kama aliwanawisha wote kabla ya kengele ya chakula. Hakukumbuka.