Rafu kwa Kipimo cha Zamani

Mume wangu ni fundi cherehani, na ana maringo na kazi yake. Kwa mfano, nguo iliyoshonwa na fundi mwingine haifumui hovyo. Ukimpelekea akupunguzie, atakuuliza kwanza nani aliishona, na kama yuko karibu atamwendea kumwomba ruhusa. Wateja humcheka, lakini ndivyo alivyo. Sasa mtu wa namna hiyo akiamua kutengeneza rafu ya vitabu, mke wake ajiandae.

Mambo yalianza na simu. Binti yetu ni mwalimu, na alikuwa amehamishiwa shule ya mbali, huko akapewa chumba kimoja cha kulala, kupikia na kusahihishia madaftari. Alitaka nimtafutie mtu wa kumwekea vitabu vyake, maboksi kwa maboksi. Nilikuwa nakata vitunguu, simu nimeiweka mezani kwa spika. Baba yake alikuwa sebuleni kwenye cherehani, anashona huku ametega sikio.

"Mtu wa nini?" nikamwuliza. "Kwani nyumbani kwenu kumehama?"

Akasema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichoma, "Mama, hapo nyumbani baba ana mkasi."

Cherehani ikanyamaza.

Nieleze. Binti huyu alizaliwa kadogo, baba yake akamwita Sentimita, na jina likamganda. Alipokuwa sekondari alikuwa na vitabu vyake vya hadithi, alivyovipata kwa kuomba, kubadilishana na kujinyima. Msimu mmoja mume wangu akapata oda ya sare za shule nzima, akaishiwa karatasi ngumu ya kuchorea kola. Akaona majalada ya vile vitabu yalivyokakamaa vizuri. Akayang'oa yote, akayakata kwa umbo la kola. Mtoto alirudi akakuta vitabu vyake viko uchi, na baba mtu akamwambia kwa furaha kabisa, "Maneno nimekuachia yote, mwanangu. Nimechukua magamba tu."

Sentimita hakupayuka wala hakulia. Alivifunga kwa kamba, akaviweka chini ya kitanda. Tangu siku ile baba yake akawa anapewa shikamoo tu, na shikamoo yenyewe ya mlangoni. Alipoanza kazi akaondoka navyo. Akija kututembelea, anakaa jikoni na mimi, anakunywa chai, anaaga.

Basi siku ya simu, mume wangu aliinuka na tepu yake shingoni, akaingia kwenye chumba alichokuwa akilala binti, akaanza kupima ukuta.

"Ataviweka hapa," akasema. "Nitamtengenezea rafu."

"Mwite seremala, baba."

"Seremala hamjui mwanangu."

Nikamwachia. Alinunua mbao, akazipanga uani, akaanza kuzichora kwa chaki ile ile ya kuchorea suruali. Akakata, akazibeba ndani, na hakuna hata moja iliyoingia kati ya kuta mbili. Zote zilikuwa ndefu, na zote kwa urefu ule ule. Jirani yetu seremala, ambaye alikuwa akichungulia juu ya ukuta tangu asubuhi, hakuweza kuvumilia.

"Fundi, hiyo ziada uliyoacha ni ya nini?"

"Ya mshono," mume wangu akajibu, kisha akajisikia mwenyewe.

"Ahaa. Na upindo umeacha wapi?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Seremala alishika ukuta asianguke. Mume wangu naye alitabasamu, akachukua msumeno akaanza kupunguza upya. Jirani akajitolea kuja na mashine yake, wamalize kwa siku moja. Akakataa. Alisema kazi hii ni ya mkono wake.

Nikiri kwamba aliifanya kwa moyo. Alipiga msasa hadi vidole vikachubuka. Alikuwa akipitisha kipande cha hariri juu ya ubao, na kikikwama mahali hata kidogo, anarudia. "Hariri ikipita, kitabu hakitakwaruzika," akaniambia. Vanishi aliipaka akiwa amefunga kitambaa puani, macho yanamtoka machozi, na sidhani kama yote yalikuwa ya vanishi. Kimo cha rafu hakumwuliza mtu. Alisema ubao wa juu utakuwa pale mkono wa Sentimita unapofika bila kuchuchumia, na kipimo cha mwanawe anacho kichwani. Mimi niliiona rafu imekaa chini chini, nikadhani nafasi ya juu ni ya picha.

Nikampigia binti. "Pitia uone kwanza, kisha uamue mwenyewe." Akakubali kwa sababu yangu.

Asubuhi ya kuja kwake nilimsikia mume wangu akizungumza na cherehani. "Nisamehe, mwanangu," anaiambia, kisha anatikisa kichwa, anaanza tena. Nilisimama nyuma ya mlango nikamwonea huruma. Mtu huyu hajazoea neno hilo.

Binti alifika na gari la mizigo, maboksi nyuma, akamwomba dereva asubiri. Akaingia chumbani. Sisi wawili tukabaki mlangoni kama wageni. Akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Laini," akasema. Baba yake akavuta pumzi.

Kisha akainua mkono, kama mtu anayetaka kufikia kitabu cha juu, na mkono ukagusa ukuta mtupu. Ubao wa juu ulikuwa usawa wa kidevu chake. Akageuka.

"Baba, hii umempima nani?"

"Wewe."

"Mimi wa lini?"

Mume wangu akashika tepu shingoni. Ndipo binti akapiga magoti kutazama chini, akaona alichokuwa ameandaliwa kwenye kona: zile kola za majalada, zimepangwa vizuri. Mume wangu alikuwa amezishusha kutoka kwenye msumari ulio juu ya cherehani yake, alikozitundika miaka yote. Binti akaokota moja yenye nusu ya uso wa mtu aliyechorwa, ukingoni ina chaki mbichi.

"Bado ulikuwa unazitumia?"

Hapo ndipo neno la asubuhi lilipotakiwa. Nilimbinya mume wangu mkono. "Karatasi yake ilikuwa nzuri," akasema. "Haikuchakaa kabisa."

Ningeweza kumpiga kofi, na ningeweza kumkumbatia. Binti akairudisha kola mahali pake, taratibu. Akatoka hadi kwenye gari, akarudi na furushi moja dogo limefungwa kwa kamba ninayoijua. Akaliweka kwenye ubao wa kati.

"Hivi nakuachia, baba. Havina cha kukatwa tena. Asante kwa kazi."

Maboksi mengine yakaenda kwa rafiki yake. Tulisimama barabarani hadi gari likakata kona.

"Amekuwa mrefu," mume wangu akasema.

"Miaka, baba. Na tepu ulikuwa nayo shingoni."

"Angekataa kupimwa."

"Ungemwomba."

Alirudi chumbani, akafungua kamba, akaanza kupanga vile vitabu kimoja kimoja, migongo nje. Nilikuwa nimemletea chai. Nikamkuta ameshika kimoja karibu na dirisha, anakitazama mgongoni pale jalada lilipong'olewa, gundi imekauka na uzi mweupe umening'inia. Alipitisha ukucha juu ya uzi kama anavyokagua pindo la suruali.

"Kumbe vimeshonwa," akasema.

"Nini?"

"Vitabu. Vimeshonwa, mke wangu. Tazama, kwa uzi kabisa. Na mishono mizuri." Akachukua kingine, na kingine. Vyote vilikuwa na nyuzi zilizokatika. Akakaa kwenye kitanda cha binti na kitabu mapajani, na chai ikapoa mkononi mwangu.

"Nimemfumulia mtu kazi yake," akasema. "Na sikuuliza."