Hakimu Asiyekula kwa Watu

Watanzania wana utani wao kwamba Mpare akigombana na mbuzi, kesho yake anamfungulia kesi. Mimi ni Mpare wa Same, tena ni hakimu, na nawaambieni ukweli wa Mungu, kesi nilikuwa naziogopa kuliko nyoka. Chekeni, mkimaliza niendelee.

Nilipangiwa mahakama ya mwanzo huku Kibondo, upande wa Busunzu, mwaka 2013. Basi la kutoka Kasulu lilinishusha na godoro, ndoo na sanduku, vumbi jekundu limeniingia mpaka kwenye kope. Mahakama yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali na kiofisi cha karani, na nyumba ya hakimu ilikuwa nyuma yake, palepale. Matatizo yangu yalianzia hapo. Mtu anayeogopa kazi yake asipewe nyumba inayopakana na ofisi.

Kila jioni nilirudi nyumbani na majalada kwapani. Si ya kesho tu, hata yale niliyokwisha kuyatolea hukumu. Nikiketi peke yangu naanza kuzisikiliza kesi upya. Yule kijana niliyemfunga kwa wizi wa kuku, je, kama shahidi alimsingizia? Yule mama niliyemkatalia talaka, je, kama leo anapigwa? Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa jasho, ugali haupiti kooni. Asubuhi Hamis, karani wangu, akipiga ukelele wake wa "Koorti!" na watu wakasimama, mimi huku nyuma ya mlango natamani kutapika. Halafu naingia, nakunja uso, nakaa katikati ya washauri wangu wawili wa mahakama, na kila mtu anaona hakimu mkali. Ukali gani? Ilikuwa hofu tupu.

Niliomba. Jamani, niliomba! Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, kuomba nilifundishwa kabla ya kuvaa viatu. Lakini niliomba huku jalada liko mapajani, jicho moja limefumba, jingine linasoma ushahidi. Ukiomba hivyo hupati kitu, unajichosha tu.

Na upweke ndio usiseme. Hakimu hali kwa watu, jamani. Leo mtu anakukaribisha ndizi, kesho amesimama mbele yako na mdai wake, na yule mwingine anasema, "Huyu alishiba kwao." Kwa hiyo sikula kwa mtu. Kanisani kwetu, ibada ya Sabato ikiisha, kina mama wanatandika mikeka, kila mmoja anafungua alichokipika jana yake, maharage, kisamvu, viazi, watu wanakula pamoja na watoto wanakimbizana. Mimi nilikuwa naaga palepale kwenye baraka ya mwisho. Nafika nyumbani, nakula mkate mkavu na chai ya chupa, nasikia vicheko vyao kwa mbali. Niliwaonea wivu mpaka nikawachukia.

Siku moja ya Sabato nikiwa natoka hivyo, mama mmoja shemasi alinifuata mpaka njiani. Mama Odilia, mjane, mrefu, ana sauti ya kuamrisha. Alipiga makofi taratibu kama Waha, wenyeji wa huku, wanavyosalimia, nami nikajibu kwa Kiha changu cha kuokoteza. Kisha akanikabili.

"Mheshimiwa, nikuulize. Kwenu walikuambia Kigoma kuna wachawi?"

Nikageuka kuangalia kule kwenye mikeka.

"Sema tu. Kina mama wote wanajua. Wanasema hakimu hali chakula chetu, anaogopa tutamtilia kitu. Mwaka mzima wanakupikia, unakimbia."

Yesu wangu! Ni kweli mama yangu aliniambia maneno hayo kwenye simu, siwezi kukataa, kila mfanyakazi anayeletwa huku anaambiwa. Lakini si hilo lililokuwa likinikimbiza. Nikaanza kumweleza habari za maadili ya hakimu, nikafika katikati nikalia palepale barabarani, na nguo zangu za ibada, watu wanapita na baiskeli. Nikamwambia yote. Majalada, kutolala, kutapika.

Hakunipa pole. Aliniuliza, "Hayo majalada yako wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Juu ya kitanda."

"Leo Sabato?"

"Ndiyo, mama."

"Wee! Msabato gani wewe? Unalala na kesi kitandani, halafu unamlilia Mungu akupe usingizi. Ulale wapi huo usingizi, sakafuni?"

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nimefika.

Kuanzia hapo alinishika kama mtoto wa shule. Amri yake ya kwanza, majalada yalale mahakamani. Nilimkabidhi Hamis funguo za kabati, nikamwambia kuanzia Ijumaa alasiri mpaka Jumatatu asinipe, hata nikilia. Hamis akafurahi sana. "Safi, Mheshimiwa. Ijumaa mchana ni yangu, jioni ni yako, faili zipumzike kwa imani zote mbili."

Amri ya pili, kila Ijumaa niende kwake kabla jua halijazama. Nilisita kidogo, nikijua mwiko ninaouvunja, kisha nikaenda. Alikuwa hana kesi na mtu, anaishi peke yake na shamba lake la migomba na maharage aliloachiwa na marehemu mumewe, na mimi nilikuwa nakufa. Namenya viazi, yeye anakoroga chungu. Jua likizama tunaimba wimbo mmoja wa kuifungua Sabato, sauti yake nene, yangu ya mbu. Kisha ananiambia niwataje watu wote wanaonisumbua moyoni.

"Usinitajie mimi, sitaki kujua mambo ya mahakama. Mtajie Yeye. Mtu mmoja mara moja. Mungu si kiziwi. Ukirudia jina, ujue sasa huombi, unachokonoa kidonda. Mimi naenda kuepua maharage."

Nilikuwa nakaa pale kwenye kigoda, nawataja mmoja mmoja. Kijana wa kuku. Mama wa talaka. Mara moja. Mwanzoni majina yalirudi kama nzi, nami nasema kwa sauti, "Nimeshakutaja wewe, nenda." Jumapili alinipa jembe nikalime naye mpaka mgongo useme. Sikupona, msinielewe vibaya. Bado viganja vililoa. Lakini nilianza kulala, na nikisimama mbele ya watu nilisikia wanachosema badala ya kusikia moyo wangu. Na nilikuwa na mahali pa kwenda. Asiyewahi kupangiwa kazi ugenini hajui uzito wa maneno hayo.

Basi, mvua za Oktoba zilipoanza, Hamis aliingia ofisini na jalada jipya, hakuliweka mezani, alilishika tu.

"Mheshimiwa, hili litakukera."

Lilikuwa ombi la usimamizi wa mirathi. Mwombaji ni Felisiani, anataka kusimamia mali ya marehemu kaka yake, yaani nyumba na shamba la migomba, na kijijini anayepewa usimamizi ndiye hubaki na shamba. Mpinzani ni mjane wa marehemu. Mama Odilia.

Nilikaa nalo siku tatu, mahakamani, sikulibeba. Kichwa changu kilinipa ujanja wote. Sikiliza tu, Elieth, acha kwenda kwake mpaka liishe, nani atajua? Kila mtu angejua! Kijiji kizima kilikuwa kinaniona Ijumaa nikipita na mfuko wa viazi. Haya, basi jitoe. Nikijitoa shauri linahamishiwa Kibondo mjini, na mama huyu mguu wake mmoja una uvimbe, na huu ndio wakati wa kupanda. Na kubwa kuliko yote, sikutaka kumpoteza. Nasema wazi. Haikuwa haki iliyoninyima raha siku zile tatu, ilikuwa Ijumaa zangu. Nilimtaja mbele za Mungu mara moja kama alivyonifundisha, nikafunga mdomo. Ilikuwa ngumu kuliko kufunga kula.

Siku ya shauri chumba kilijaa. Hamis akapiga "Koorti!" nikaingia. Felisiani amekaa huku na ndugu zake, Mama Odilia kule peke yake, kitenge kipya, ananitazama kwa utulivu wa mtu aliyefika kwao. Aliniamini. Nikasimama badala ya kukaa, kwa sababu nilihofia nikikaa sitasema.

"Shauri hili sitalisikiliza," nikasema. "Litapelekwa kwa hakimu mwingine mjini. Sababu ni kwamba mimi nakula kwa Mama Odilia. Kila Ijumaa nakula kwake, na ninampenda kama mama yangu. Mtu anayependa hivyo hawezi kuwa hakimu wa nyumba hiyo."

Bibi mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe anakula!" na chumba kizima kikapasuka kicheko. Washauri wangu wakacheka. Kina mama wakapiga makofi yale ya salamu, pa, pa, pa, utafikiri ndiyo kwanza nimewasili. Hata Felisiani alitabasamu, ingawa nadhani lake lilikuwa jingine.

Mama Odilia hakucheka. Alinyanyuka, akakung'uta kitenge, akatoka bila kuniangalia.

Ijumaa hiyo nilikwenda kwake, mlango umefungwa, moshi hakuna. Nikajua amesikia nikija. Nikarudi. Ijumaa ya pili hivyohivyo. Kanisani sasa kina mama wote wananing'ang'ania, "Mheshimiwa, onja hiki, Mheshimiwa, kaa hapa," sahani tano mbele yangu, na yeye amekaa mkeka wa mwisho kabisa amenipa mgongo. Mnaona balaa hilo? Kijiji kizima kilinifungulia mlango siku ambayo aliyefunga wake ni yule niliyemtaka. Nilikula nikitabasamu, chakula kinapita kama makapi.

Hofu ikarudi na ndugu zake wote. Ijumaa moja alasiri nilikwenda kwa Hamis kudai funguo.

"Nipe, Hamis. Nina jalada la kupitia."

"Uliniambia nisikupe hata ukilia."

"Silii!"

"Unalia, Mheshimiwa." Akatia funguo mfukoni mwa kanzu, akapanda baiskeli yake, akaniacha nimesimama kwenye varanda ya mahakama. Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kipare. Kisha nikaenda nyumbani, nikamenya viazi vyangu, nikaimba peke yangu sauti ya mbu, nikamtaja mara moja. Ndivyo nilivyofanya Novemba nzima na Desemba. Haikuwa na utamu wowote. Niliifanya kwa sababu nilifundishwa, na kwa sababu nyumba bila hivyo ilikuwa kimya mno.

Januari, Ijumaa nyingine, nilikuwa nimeinama nje nachochea jiko la mkaa, jua limeshaingia kwenye migomba. Nikasikia, "Mwidiwe," salamu ya jioni ya Kiha. Sauti nene. Nikainua kichwa. Amesimama pale, viatu mkononi, miguu matope matupu mpaka magotini, mguu mmoja umevimba.

"Natoka Kibondo," akasema. "Hukumu imetoka leo. Wamempa Felisiani."

Nikasema, "Karibu, mama."

"Nina njaa. Kwangu sikupika."

Nikamletea kigoda na maji ya kunawa. Nilikuwa sijawahi kumpikia mtu yeyote tangu nifike mkoa huu, na maharage yalikuwa hayajaiva vizuri. Alikula yote hayohayo, mimi nikiwa nimeketi chini karibu na miguu yake nikiuosha ule uliovimba. Alipomaliza akaweka sahani chini.

"Nataka uniambie ukweli. Hakimu yule ni mtu mzuri, alinisikiliza, sina ubaya naye. Ila nimetembea njia nzima najiuliza. Ungekuwa wewe umekaa pale, ungempa nani?"

Swali kama hilo zamani lingenitapisha. Nilimtazama usoni.

"Ningekupa wewe, mama. Ningekupa kabla Felisiani hajafungua mdomo. Ndiyo maana nilisimama."

Machozi yalimtoka, hakuyafuta, nami nikalia naye maana sikuwa na kingine cha kumpa.

"Basi ulifanya sawa," akasema mwishowe. "Na shamba limekwenda."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Limekwenda."